Spana Moja Imebaki

Harufu iliyojaa nyumbani kwetu Ibra, huku Uarabuni, kiangazi kile ilikuwa ya mafuta ya taa. Baba aliweka karai la bati uani, karibu na bomba, na ndani yake zililala spana kuukuu zikitoa kutu. Ukifungua mlango wa mbele, harufu ile inakupokea kabla ya watu. Ilishinda ya udi, ilishinda ya wali jikoni, na baada ya wiki mbili tatu ikaingia mpaka kwenye mito yetu ya kulalia. Bibi, mama yake Baba, alilalamika kwamba yeye amezaliwa Unguja mjini, kalelewa kwenye nyumba inayonukia asmini, na sasa uzeeni amehamishiwa gereji. Alisema hivyo kila asubuhi, kwa maneno yale yale. Mama alikuwa amefariki mwanzo wa likizo ya shule. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja.

Watu wakiniuliza nilihisi nini wakati ule nawaambia ukweli, nao huwa hawaupendi. Sikuhisi kitu. Wanawake walikuja matangani, wakanikumbatia, wakalia begani kwangu, nami nikawa natazama nyuzi za dhahabu kwenye mikono ya mabuibui yao na kujiuliza zimeshonwa kwa mkono au kwa cherehani. Ilikuwa ganzi, kama ya mguu ulioukalia, ila hii ilinishika mwili mzima. Khaloo Asya, mdogo wake Mama, aliyeolewa Aija kule Sur, alinitazama macho yangu makavu akamwambia Bibi kwamba mtoto huyu ana jambo. Bibi akamjibu kwamba mtoto hana jambo, mwache. Baba naye alikuwa vile vile kama mimi. Alikwenda kazini kutengeneza pampu za maji za serikali, akarudi, akala alichowekewa. Siku nzima tulikuwa tukiambiana shikamoo na marahaba, basi.

Spana zilianza kwa sababu ya mtungi wa gesi. Siku zote Mama ndiye aliyekuwa akiubadilisha, kwa spana moja fupi, nzito, iliyokaa kwenye droo pamoja na miiko. Siku ya tano baada ya maziko gesi ikaisha, sufuria ikiwa juu ya jiko, na Baba, ambaye kutwa anafungua nati za pampu, akawa hajui hata spana ya nyumbani kwake inawekwa wapi. Nikampa. Akafungua mtungi wa zamani, akafunga mpya, kisha asiirudishe drooni. Aliigeuza mkononi, akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Upande mmoja yalisomeka maandishi ya kwamba imetengenezwa U.S.A. Upande wa pili palikuwa na chapa ya kiwanda: nusu ya jani, na ndani yake mkia wa herufi moja. Nusu nyingine ilikuwa imelika kwa kushikwa. Akaniuliza Mama aliipata wapi. Sikujua. Akamuuliza Bibi, akampigia simu Khaloo Asya, na hakuna aliyejua. "Miaka kumi na tatu," akasema, wala hakuwa akisema na sisi. "Kila mwezi anaishika, na mimi sikumuuliza hata mara moja."

Mama hakuweza kuulizwa tena, lakini kiwanda kingeweza kutafutwa, na Baba akakishika hicho. Kazini walimwambia kwamba spana za Kimarekani ziliingia nchini na kambi za watafuta mafuta kule jangwani, na kambi zilipovunjwa vifaa vikatawanyika. Zilikuwa za inchi, hazikukaa sawasawa kwenye nati za magari ya Kijapani, kwa hiyo mafundi walizitupa pembeni au walizitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Baba akaanza kuziomba. Akileta moja, anailaza kwenye mafuta ya taa siku mbili, anaisugua kwa brashi ya waya, anaikausha, kisha anaweka karatasi nyembamba juu ya chuma na kupitisha penseli taratibu, mpaka chapa ikatokea kwenye karatasi. Karatasi ile aliibandika kwenye daftari lake lenye jalada jeusi, kila spana na ukurasa wake: kipimo, umbo la shingo, mahali ilipopatikana, na chini kabisa jina la mtengenezaji, kama limejulikana. Majina aliyapata kwa barua. Kulikuwa na mzee mmoja mkusanyaji wa spana huko Ohaio, Marekani, ambaye anuani yake Baba aliiona kwenye jarida la zamani la mafundi, nao wakaandikiana kiangazi chote. Mzee yule alimfundisha kwamba viwanda vya kwao vilikuwa vikitengenezeana, kimoja kinafua na kingine kinagonga jina, kwa hiyo asitazame chapa peke yake, atazame na shingo.

Bibi hakuona maana ya mambo hayo, ila alikaa nasi uani kwa sababu hakuwa na pengine pa kukaa. Siku moja Baba alileta ile spana ya kufungua na kufunga mdomo, na bila kufikiri akaitaja jina wanalolitumia mafundi, spana malaya. Bibi akamwambia akasukutue. Baba, mtu mzima mwenye ndevu, akainuka akaenda bombani akasukutua, na tangu hapo kwenye daftari ikaandikwa spana ya kurekebisha. Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwa sababu kiangazi kile nilicheka mara ile tu.

Simu za Khaloo Asya zilikuja kila Ijumaa baada ya chakula. Nilikuwa nikikaa karibu na mlango, na kwa majibu ya Bibi nikajua kinachosemwa upande wa pili. Shule zikifunguliwa nihamie kwake Aija. Bibi ameshakuwa mtu mzima sana, Baba kutwa yuko na pampu na vyuma vyake, na msichana wa umri wangu anataka mwanamke wa kumwelekeza. Khaloo hakuwa mtu mbaya. Alinipenda, alikuwa na binti watatu wa rika langu, na kila alilosema lilikuwa la maana. Baba akipewa simu alisema neno moja tu, tutaona, na mimi nilimjua Baba, tutaona yake ilikuwa karibu sana na ndiyo. Jambo hilo peke yake ndilo lililonigusa kiangazi kile. Sikutaka kwenda. Kule ningekuwa yatima anayepewa kipande kikubwa cha samaki na kutazamwa anavyokila. Nilitaka kubaki kwenye nyumba yenye droo ya Mama.

Ibra kuna soko la Jumatano ambalo ni la wanawake. Wanaouza ni wanawake, wanaonunua ni wanawake, na mwanamume, hata awe nani, anasubiri nje. Bibi alikuwa akipeleka kashata, visheti na mkate wa kumimina, nami nilibeba sinia. Baba alitushusha, akaegesha gari upande wa pili wa barabara, akatusubiri humo. Jirani yetu wa sokoni alikuwa mjane wa kibedui aitwaye Ummu Hamad, mwenye barakoa usoni, anauza ubani, wanja na ndimu kavu. Jumatano moja upepo ulivuma, naye akakandamiza pembe ya kitambaa chake kwa kipande cha chuma. Kilikuwa ni spana. Niliinama nikasoma U.S.A. Nikamuuliza kwa Kiarabu ameipata wapi, akasema ni ya marehemu mumewe, aliyekuwa dereva wa lori la kambi, na kwamba akipewa kashata mbili ataitoa. Nikampa tatu, Bibi akinitazama kwa jicho baya, nikavuka barabara mbio.

Baba aliichukua kupitia dirisha la gari, akaigeuza, kisha akaniuliza maswali manne mfululizo. Nani kakupa? Mumewe alifanya kazi wapi? Anazo nyingine? Chapa umeiona? Tangu maziko hakuwa ameniuliza hata swali moja, zaidi ya kama nimekula. Nilisimama pale kwenye jua nikamjibu yote, na kila nilipojibu aliuliza jingine. Hapo ndipo nilipofahamu. Baba hawezi kuingia soko lile na mimi naweza. Maadamu kuna spana sokoni, Baba ananihitaji, na maadamu ananihitaji hawezi kunipeleka Aija. Siku hizi nikimtazama mtoto wa miaka kumi na moja siamini kama anaweza kupanga hesabu ya namna hiyo, lakini mimi niliipanga, na hata moyo haukunienda mbio.

Wiki iliyofuata Ummu Hamad alikuja na gunia, akamimina vilivyomo. Zilikuwa spana sita. Kwa nusu ya sinia ningezichukua zote. Nilichagua moja, nikamwomba anishikie zilizobaki, nitakuwa nikichukua moja kila Jumatano. Akanitazama juu ya barakoa yake. "Kwa nini moja moja?" Nikamwambia ukweli, kwa sababu yeye hakuwa mtu wetu: nataka Baba awe ananisubiri. Hakunihurumia, na hilo nilimshukuru. Alizirudisha tano guniani, akafunga kamba. "Sawa, binti yangu. Hazina miguu hizi."

Basi tukawa na kazi. Kila Jumatano mchana mimi na Baba tulikaa uani, mimi nikishika karatasi isisogee, yeye akipitisha penseli. Nilijifunza kusoma chapa kwa kidole nikiwa nimefumba macho. Nilijifunza kwamba spana iliyofuliwa vizuri haina mkunjo ubavuni, na kwamba namba ya inchi ikiwa kubwa kuliko jina, basi huenda jina liligongwa baadaye na kiwanda kingine. Hatukusema habari za Mama hata siku moja. Daftari lenyewe sikuruhusiwa kuliandika, mwandiko wangu ulikuwa mbaya. Baba aliandika mwenyewe, kisha akalifungia kabatini pamoja na pasipoti.

Ya mwisho kutoka guniani ndiyo iliyokuwa yenyewe. Niliijua kabla ya kuishika: fupi, nene, shingo yake sawa na ya spana ya Mama. Nikakwangua kutu kwa ukucha, na chapa ikajitokeza, jani zima na herufi mbili ndani yake. Juu ya jani kulikuwa na mkwaruzo mrefu, mtu alikuwa ameiburuza kwenye jiwe au kwenye chuma kingine. Ummu Hamad alikuwa akinitazama. Nilijua Baba akiiona tu, atamwandikia mzee wa Ohaio, jibu litakuja, na kazi itakuwa imekwisha. Ilibaki wiki mbili shule zifunguliwe. Nikaifunga kwenye kanga chini ya sinia, nikavuka barabara. "Leo hana," nikamwambia Baba. "Hana kabisa?" "Amesema labda Jumatano nyingine." Sikuwa nimewahi kumwambia Baba uongo, na ulitoka bila taabu. Akasema basi, mwanangu, tutangoja.

Niliificha kwenye sanduku la Mama. Lilikuwa chumbani mwao, na ndani yake mlikuwa na nguo zake zote. Bibi alitaka zitolewe sadaka, kama inavyofanywa, lakini Baba alikuwa hajasema ndiyo wala hapana, na hakuna aliyeligusa tangu siku ya maziko. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Niliisukuma spana mpaka chini kabisa, chini ya nguo za harusi yake, ikiwa ndani ya kanga ile ile. Nilikuwa na haraka na sikusimama kunusa chochote.

Khaloo Asya alikuja siku tatu kabla ya shule, na mumewe, na begi jipya la rangi ya waridi alilonunua kwa ajili yangu. Tulikula pamoja. Baada ya kahawa akasema amekuja kunichukua, na kwamba kila kitu kiko tayari, hata kitanda. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko. Baba alikuwa akifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, na nilimtazama nikijua sasa litatoka lile neno lake, tutaona, na halafu nitapanda gari. "Asya, nimekusikia," akasema. "Lakini kazi yetu haijesha. Spana moja imebaki, na sokoni mimi siwezi kuingia." Khaloo alidhani anataniwa. Akamtazama Bibi, akanitazama mimi, akamrudia Baba. "Unamzuia mtoto wa dada yangu kwa ajili ya spana?" Baba akasema ndiyo. Khaloo alilia, akamwita mwendawazimu, akasema dada yake angekuwa hai angeona aibu, kisha akaondoka na mumewe. Begi aliliacha. Bibi alikusanya vikombe.

Nilitaka nifurahi. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na mbele ya mashahidi. Sikuweza, kwa sababu spana iliyobaki nilikuwa nayo mimi. Nilibaki nyumbani kwa wizi, ndivyo nilivyoona, na Baba amegombana na watu wa Mama kwa ajili ya uongo wangu. Nikawa siwezi kuitoa. Nikiitoa nitaulizwa ilikuwa wapi. Wiki ikapita, mwezi ukapita, Ummu Hamad akaacha kuja sokoni, na mimi nikaendelea kuvuka barabara kila likizo na kusema hakuna. Nilipoolewa Nizwa nililifungua sanduku la Mama mara ya pili maishani mwangu. Spana ilikuwa pale pale, ndani ya kanga, nami nikaitia katikati ya nguo zangu.

Sasa iko jikoni kwangu, kwenye droo, pamoja na miiko. Nabadilishia mtungi wa gesi. Mume wangu huniuliza kwa nini nisinunue inayokaa vizuri kwenye nati, namwambia hii inakaa, na si kweli, inateleza kidogo. Ukusanyaji wenyewe umekuwa kitu kingine. Barua ya mzee wa Ohaio ilichukua wiki mbili tatu kufika, na Baba alikuwa akiisoma mara tatu kabla ya kuketi. Leo wakusanyaji wamejaa kwenye simu, wana picha za chapa zote zilizowahi kugongwa. Miaka michache iliyopita nilipiga picha ile ya jani nikawatumia, na chai yangu haijachemka nikawa na jibu: kiwanda kidogo cha familia, mji usiojulikana sana, kilifungwa zamani, na hakuna aliyebaki wa kuulizwa. Sikumwambia Baba. Bibi ametangulia. Baba amestaafu, anakaa na msichana wa kumsaidia, spana zake zimetundikwa kwenye ukuta wa chumba nilichokuwa nikilala, na mimi naendesha gari kutoka Nizwa kila Ijumaa kwenda kula naye. Nikishamwamkia, na kabla sijavua buibui, ananiuliza, "Umepata?" Namjibu, "Bado, Baba." Wanangu wamekua wakiyasikia maneno hayo na wanadhani ndiyo maamkizi yetu.

Ijumaa iliyopita mwanangu alimuuliza babu yake chapa zinachukuliwaje. Magoti ya Baba siku hizi hayamruhusu kuinuka inuka, akanipa ufunguo wa kabati nimletee daftari. Lilikuwa chini ya pasipoti zilizokwisha muda. Nilisimama chumbani nikalifungua, kwa sababu sikuwahi kulishika nikiwa peke yangu. Nikaona ukurasa wa spana ya Mama, na nusu ya jani. Nikaona sita za Jumatano, moja baada ya moja, mahali: sokoni, kwa mkono wa Raya, ndiye mimi. Nikafunua tena. Kwenye ukurasa uliofuata palikuwa na karatasi nyembamba iliyobandikwa, na juu yake, kwa penseli, jani zima lenye herufi mbili ndani, na mkwaruzo mrefu uliolikata jani kutoka pembe moja hadi nyingine.

Mkwaruzo ule naujua. Naushika kila mtungi ukiisha. Mahali palipopaswa kuandikwa ilikopatikana, Baba aliandika: sandukuni. Chini kulikuwa na jina la kiwanda na la mji, yale yale niliyopewa mimi kwenye simu, kwa wino mwingine, baada ya barua kufika. Ukurasa wa baada yake ulikuwa wa spana tuliyoinunua pamoja soko la Nizwa, tulipokwenda kutafuta viatu vyangu vya shule, siku moja kabla ya Khaloo Asya kuja. Kwa hiyo alipofuta vidole vyake kimoja kimoja na kusema moja imebaki, alikuwa ameshaishika. Alikuwa akilifungua sanduku la Mama, yeye mtu aliyedhaniwa haligusi, anazifunua nguo zake mpaka za harusi, na huko chini akakuta kanga yangu. Akatoa spana, akapitisha penseli, akaifunga kama alivyoikuta.

Nilikaa kitandani muda kidogo. Nilingoja nilie, kwa kuwa ndipo mahali pake, lakini macho yalibaki makavu kama ya mtoto yule. Nilimpenda Baba pale kuliko nilivyowahi kumpenda, na hata hilo lilikuja polepole, kama damu inavyorudi mguuni. Nikafunga daftari, nikalipeleka. Baba akalifungua kurasa za mwanzo, mbali na ule, akamwonyesha mjukuu wake namna ya kushika penseli.

Tulipokuwa tunaondoka alinisindikiza mpaka mlangoni kwa fimbo yake. Alinitazama, na nadhani alijua nimefika ukurasa gani, kwa sababu nilichelewa sana kurudi na ufunguo. Hata hivyo akauliza, mara ya pili siku ile, jambo ambalo halijapata kutokea.

"Umepata?"

"Bado, Baba," nikamwambia. "Moja imebaki."

"Basi Ijumaa usikose," akasema.